Sawa Mama, Hakuna Shida

"Kwa hiyo wewe unasemaje?" mama aliniuliza kwenye simu, nami sikujua tulikuwa tunazungumzia nini.

Nilikuwa nimekaa sakafuni katika chumba changu cha kupanga, Mabatini hapa Mwanza, miguu nimeikunja, mgongo nimeuegemeza kitandani, macho nimeyafumba. Simu ilikuwa mkekani, spika nimeiwasha. Mama alikuwa ameongea kwa muda gani? Labda dakika tano, labda kumi. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi. Unahesabu moja mpaka kumi, mawazo yakikuchukua unaanza upya, na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu nianze mazoezi hayo, nilikuwa nimefika kumi mara tatu mfululizo bila kupotea. Nilikuwa kwenye pumzi ya saba. Sikutaka kuipoteza.

"Sawa tu mama," nikasema. "Hakuna shida."

Nikafika nane.

"Kweli?"

"Kweli mama. Hakuna shida kabisa."

"Asante mwanangu," akasema, kwa sauti ambayo mtu mwenye masikio angeishangaa. "Basi utakuja Jumamosi ya wiki ijayo? Wageni watakuwepo."

"Nitakuja."

Tisa. Kumi. Nikafumbua macho, nikajiona bingwa.

Inabidi nieleze mtu kama mimi alifikaje kwenye kuhesabu pumzi, maana mimi si mtu wa kuamini vitu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mwalimu wa Sunday school kama Nuhu aliwapakia na samaki, na kama hakuwapakia, kwa nini samaki wao walisamehewa. Nikatolewa nje. Chuoni nikasoma elimu jamii, somo linalomfundisha mtu kushuku hata salamu. Nikarudi Mwanza, nikapata kazi ya kukusanya takwimu. Natembea na kishikwambi mialoni, kule boti zinakoshusha samaki, na masokoni, namuuliza mtu maswali arobaini, nabonyeza majibu, nahamia kwa mwingine. Kaya ina watu wangapi? Maji mnachota wapi? Mnapikia nini?

Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nilijua kumtazama mtu usoni, kutikisa kichwa mahali panapostahili na kusema "mhm", huku akili imeshafika swali la thelathini na mbili, au iko nyumbani inapika ndizi. Mpaka siku moja mwaloni, mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alininyooshea ufagio.

"Dada, ngoja. Nimekwambia mume wangu alishahama miaka miwili iliyopita. Wewe unaniuliza mume hurudi nyumbani saa ngapi?"

"Samahani mama, ni swali linalofuata tu."

"Kwa hiyo anayesikia hapa ni hicho kimashine au ni wewe?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Muulize kimashine, labda kinajua alikohamia." Nikacheka nao, lakini nilipoondoka nilikuwa nimechomwa moyo. Si kwa sababu ya kicheko. Ni kwa sababu nilijaribu kukumbuka uso wa mtu niliyemhoji kabla ya huyo mama, nikashindwa. Nilikumbuka umri wake tu: kati ya miaka thelathini na tano na arobaini na nne.

Nilimsimulia rafiki yangu wa kazini. Yeye ni mtu wa kujaribu kila kitu, ameshajaribu kunywa maji ya tangawizi na ameshajaribu kufuga sungura. Akasema, "Njoo Jumamosi. Kuna dada anafundisha utulivu wa akili kule kwenye mawe, karibu na ziwa."

"Anafundisha nini hasa?"

"Kuwepo."

"Kuwepo kunafundishwa?"

"Wewe njoo."

Tulikuwa saba, tumekaa juu ya jiwe kubwa tambarare, alfajiri imeshapita na jua bado halijawa kali. Mwalimu alikuwa dada wa rika langu aliyeacha kazi benki. Alikuwa na sauti ya polepole, ya mtu asiyedaiwa ripoti.

"Tuwe hapa," akasema. "Sasa hivi."

"Kwani tuko wapi?" nikauliza.

"Mwili uko hapa. Akili je?"

"Akili iko kichwani, na kichwa kimekuja na mwili."

Rafiki yangu akanifinya. Mwalimu akatabasamu kama mtu aliyezoea watu wa aina yangu, akatoa mfuko mdogo wa karatasi, akatugawia kila mtu dagaa mkavu mmoja. Alisema alikojifunza yeye walitumia zabibu kavu, lakini haoni sababu ya kutafuta zabibu Mwanza. Kazi yetu ilikuwa kumla huyo dagaa kwa dakika tano. Kwanza kumtazama. Kisha kumnusa. Kisha kumgusa kwa ncha ya kidole. Kisha kumweka ulimini bila kumtafuna.

Nimekula dagaa tangu nilipoota meno, na kwa kweli sikuwahi kumwangalia dagaa machoni. Ana jicho kubwa kuliko linalomfaa. Anaonekana kama mtu aliyeitwa jina ghafla darasani.

Chini yetu walikuwa wanafua akina mama wawili. Sauti zao zilipanda mpaka kwetu bila taabu.

"Hawa wanasali dini gani?"

"Si dini. Wanaonja dagaa."

"Mmoja mmoja?"

"Wasomi hao. Wakila bakuli wanavimbiwa."

Tukashindwa kujizuia, hata mwalimu akacheka. Korongo mmoja alikuwa amesogea mpaka hatua tatu kutoka kwetu, amesimama kwa mguu mmoja, hakupepesa, hakugeuka, macho yote kwenye mfuko wa karatasi. Nikamnong'oneza rafiki yangu kwamba mwanafunzi pekee aliyeelewa somo ndiye huyo.

Lakini niseme ukweli wote. Nilipomtafuna yule dagaa mwishoni, nilisikia ladha ambazo sikuwahi kuzigundua: jua, mchanga kidogo, uchungu mdogo wa tumbo lake, na nyuma ya uchungu kitu kama utamu. Nilikuwa nimekuja kubishana, na dagaa akanishinda hoja.

Basi nikaanza. Naosha vyombo nikisikiliza maji, basi. Napanda ngazi za mawe kwenda chumbani kwangu nikizihisi nyayo. Nikapakua programu ya simu yenye mzungu wa sauti nzito anayekwambia uwaze theluji inaanguka taratibu juu ya msitu. Theluji yangu ilikuwa pamba ya kwetu Magu, sina nyingine, na kila nikiiwaza nilianza kupiga chafya. Nikaifuta, nikabaki na pumzi. Kila jioni saa moja, dakika ishirini.

Na saa moja jioni ndiyo saa ambayo mama hupiga simu.

Mama anaishi Magu, analima mpunga na pamba kidogo, na tangu baba afariki nikiwa darasa la saba yeye ndiye aliyetulea, mimi na kaka yangu. Mimi ndiye wa mwisho. Simu zake zina mpangilio wake. Kwanza anauliza nimekula nini. Kisha anauliza kama huku kumenyesha. Nami namuuliza habari za huko, naye anajibu, "Huku kwema, ila..." Baada ya ila ndipo habari zinapoanza. Huku kwema, ila mwewe amebeba vifaranga wanne. Huku kwema, ila jirani amevunjika mguu. Huku kwema, ila paa la jikoni limeng'olewa na upepo. Kwa mtu aliyesoma elimu jamii jambo hilo lilinichekesha: kwema gani huko ambako paa limeondoka? Nikazoea kusikia "kwema", nikahamisha akili kwingine, nikaacha ila zote zipite. Nilijua nikisema "pole mama" mara mbili na "sawa mama" mara tatu, simu itaisha salama.

Sikuona kinyume chochote katika hayo. Nilikuwa najifunza kuwepo, na mama alikuwa anakatiza somo.

Siku mbili baada ya ile simu, kaka yangu aliniandikia ujumbe. "Nimesikia umekubali. Sikutegemea kabisa. Basi na mimi sina neno." Nilidhani anasema kuhusu safari, kwa sababu mikusanyiko miwili ya nyumbani nilikuwa nimeikwepa kwa kisingizio cha kazi. Nikamjibu kwa kidole gumba.

Jumamosi saa nne asubuhi niliteremka Magu nikiwa na mfuko wa mikate, jinzi iliyochanika magotini na fulana. Uwanja wa nyumbani ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Viti vya plastiki vilipangwa chini ya turubai. Nyuma ya nyumba akina mama walikuwa kwenye masufuria, na kiongozi wao alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, mwanamke anayeweza kukata kitunguu bila kukitazama.

Nikapiga goti. "Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba." Akanikagua kuanzia juu mpaka magotini, akaishia hapo. "Ndiyo umevaa hivyo?"

"Kwani kuna nini? Wageni si wale wa kikundi chenu cha akina mama?"

Wakacheka wote. "Eti kikundi! Mtoto huyu ana utani."

"Siyo kikundi?"

"Msichana, baba yako anakuja na wazee wake, wewe unampokea na magoti nje?"

"Baba yangu yuko kaburini, mama mdogo."

"Huyo mwingine."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, akamimina vitunguu kwenye mafuta. Mimi nikabaki na goti moja chini. Nilisubiri mtu aseme ni mzaha. Akaongeza, "Si wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia mama yako sawa, hakuna shida? Ametembea na hayo maneno kijiji kizima. Kama wimbo."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Kwa ukoo wetu, mjane akitaka kuolewa tena, haanzi na wazee. Anaanza na watoto wake. Anawauliza mmoja mmoja kuanzia wa kwanza, na wa mwisho ndiye anayefunga. Akikataa wa mwisho, habari inaishia hapo, haipelekwi kwa wazee na hakuna anayeitaja tena. Hakuna mahali ilipoandikwa. Ni kwa vile wa mwisho ndiye anayehesabiwa bado ni mtoto wa nyumba. Nililijua hilo, kama mtu anavyojua kuwa bibi yake alikuwa na meno. Sikuwahi kuwaza kwamba siku moja mimi ndiye nitakayefunga.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa chumbani, anajifunga kitenge kipya cha rangi ya manjano mbele ya kioo kidogo. Alikuwa amesuka. Sikukumbuka lini nilimwona mama amesuka. Akageuka na uso umemng'aa, na nilijua papo hapo kwamba nina njia mbili tu: kunyamaza, na kila mtu aendelee kufurahi, au kusema.

"Mwanangu! Njoo unifunge hapa nyuma."

Nikamfunga. Akaendelea kuongea na kioo.

"Unajua jioni ile nilikuwa natetemeka? Nilimwambia mama mdogo wako akae pembeni yangu, kama nikishindwa yeye aendelee. Nikasema, huyu mtoto mimi namjua, ataniuliza maswali mpaka salio liishe. Halafu ukasema sawa. Hata hukuuliza jina lake! Nililala usingizi ule wa mtoto."

Kunyamaza kungekuwa rahisi. Nilikuwa na sababu zote za kunyamaza: watu wameshafika, wali uko jikoni, furaha yenyewe iko mbele yangu imesukwa. Lakini nilifikiria yule mama wa mwaloni na ufagio wake. Huyu wa kwangu hakuwa na ufagio. Angeolewa kwa jibu lililotoka kwa mtu anayehesabu mpaka kumi.

"Mama," nikasema, "sikusikia."

"Hukusikia nini?"

"Siku ile. Kwenye simu. Sikusikia ulichosema. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

Nikaona aibu kulitamka. "Ya kutulia."

Akaketi kitandani. Mikono ikabaki magotini, viganja juu, kama mtu aliyedondosha kitu na anashangaa kimeangukia wapi. Nje tulisikia pikipiki mbili zinaingia, na sauti ya mtu akisema "Kalibuni, kalibuni" na viti vikivutwa.

"Hukusikia hata kidogo?"

"Nilisikia 'unasemaje'. Basi."

"Ukajibu tu."

"Nikajibu tu."

Nilitegemea hasira. Mama akipandisha hasira husema Kisukuma, na mimi huomba radhi kwa Kiswahili, tunaelewana. Badala yake akapiga kitanda kwa kiganja, mara mbili.

"Kaa."

Nikakaa.

"Sasa hivi unasikia?"

"Nasikia."

"Hiyo simu iweke chini."

Sikuwa nimejua kwamba nimeishika. Nikaiweka chini ya mto.

Akaniambia upya. Hakuanza na "huku kwema". Alisema kuna mtu anataka kumwoa, na kwamba namjua: ni yule fundi baiskeli wa senta, aliyekuwa akitujazia upepo tulipokuwa wadogo, aliyefiwa na mkewe zamani kabla hata baba hajafariki. Alisema kwamba jioni nyumba inakuwa kubwa. Alisema amezoea kupika chakula cha mtu mmoja na bado kila siku kinabaki. Kwamba akisikia kitu cha kuchekesha sokoni anakibeba mpaka nyumbani, akifika hakuna wa kumwambia, anamwambia mbuzi.

"Unaniambia mimi kwenye simu," nikasema.

"Nakwambia," akajibu.

Niliangalia chini. Kisha nikauliza, maana mimi ndivyo nilivyo, na yeye alijua nitauliza. Anakunywa? Kidogo, Krismasi. Watoto wake wamesemaje? Wamekubali wote, wawili wako nje utawaona. Mtakaa wapi, hapa au kwake? Hapa. Hapa kwa baba? Akasema, "Hapa kwangu. Nimepalilia hapa miaka yote." Kwa nini kuolewa, si mngekuwa marafiki tu? Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwanangu, na mimi nitembee kwa kujificha kwenye mipunga kama msichana wa sekondari?"

Nikacheka bila kutaka. Naye akacheka, akafuta jicho kwa pindo la kitenge kipya.

Mama mdogo akagonga. "Wazee wameshaketi! Mnafanya nini humo, mnafuma kitenge?"

"Subiri," mama akajibu. Kisha akanigeukia, akauliza tena swali lake lilelile, safari hii polepole. "Kwa hiyo wewe unasemaje?"

Ningetamani kusema kwamba nilihisi pumzi yangu, au nyayo zangu sakafuni, au mambo yote mwalimu aliyotufundisha. Sikuhisi pumzi. Niliona ngozi ya mikono ya mama, iliyopasuka kwenye vifundo vya vidole, na mafuta aliyoipaka ili isionekane. Niliona kwamba anaogopa. Mama yangu, aliyewahi kumfukuza fisi kwa sufuria, alikuwa ananiogopa mimi.

"Sijui mama," nikasema. "Nina hasira kidogo. Sijui hata ni za nini. Labda za baba."

"Hizo nazo nimezisikia."

"Lakini sitaki umwambie mbuzi."

"Hilo ni jibu?"

"Nipe mpaka mlangoni."

Akanipa khanga nijifunge juu ya jinzi. Tulitembea pamoja mpaka mlangoni, hatua kama kumi na mbili, na sikuzihesabu.

Nje, upande mmoja walikaa wa kwetu, baba mkubwa katikati, kaka yangu pembeni yake, amevaa shati lililonyooshwa na uso wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Upande wa pili walikuwa wageni. Fundi baiskeli nilimtambua kwa vidole: vina weusi wa grisi ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa. Alikuwa ndani ya koti kubwa la suti ambalo bila shaka lilikuwa la mtu mwingine, na jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Mtu huyu nilimjua kama mtu asiyefunga mdomo. Ungepeleka baiskeli ipigwe pampu, ukarudi unajua habari za Magu nzima. Siku hiyo hakutoa sauti. Nilipomsalimia shikamoo alifungua mdomo, marahaba ikakwama, mwanawe wa kiume akaijibu kwa niaba yake na watu wakacheka.

Baba mkubwa akasafisha koo. "Mama yako ametuletea maneno yako ya kwenye simu. Ni mazuri. Lakini simu ni simu. Tunataka kuyasikia kutoka kinywani mwako, mbele ya hawa."

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeke, kichwa kimeinama. Nilijua hanitazami kwa makusudi, ili nisione anachotaka.

"Baba mkubwa," nikasema, "mimi nasema sawa. Ila."

"Ila?"

Viti vya wageni vikalia. Kaka yangu akafumba macho.

"Ila picha ya baba iliyoko sebuleni isitolewe ukutani."

Ilikuwa picha ya zamani, baba ameegemea baiskeli mpya, anacheka na mtu asiyeonekana. Pembeni kabisa, mahali ilipokatwa, palibaki kiwiko cha mtu. Tulipokuwa watoto tulibishana kiwiko hicho ni cha nani.

Fundi akainuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema, na sauti ilimtoka nyembamba kuliko mwili wake.

"Haitolewi," akasema. "Hicho kiwiko ni changu. Nilikuwa namkazia spoki za nyuma, mpiga picha akasema wawili hatutoshi."

Baba mkubwa akaanza kucheka, yule mzee asiyecheka, akapiga paja, na kicheko kikazunguka upande wetu, kikavuka upande wao, mpaka mama mdogo akatoka jikoni na mwiko kuuliza tumepewa nini. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa, ananitazama. Kisha akapiga vigelegele, yeye mwenyewe, kwa harusi yake mwenyewe, jambo ambalo mama mdogo alimwambia baadaye si la heshima hata kidogo.

Jumamosi iliyofuata niliyasimulia haya kule kwenye mawe. Mwalimu alicheka mpaka akalazimika kulala chali juu ya jiwe. Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini hakutuambia kwamba mtu anaweza kuwepo kwenye pumzi yake na asiwepo kwa mama yake. Akajifuta machozi, akasema yeye mwenyewe alipoanza mazoezi aliwahi kuunguza maharage mara tatu katika wiki moja, akiwa ametulia kabisa. Hilo lilinifanya nimwamini zaidi kuliko mafundisho yake yote. Sijaacha kwenda. Nusu ya anayosema bado naona ni hewa, na namwambia.

Mazoezi nimeyahamishia asubuhi. Saa moja jioni natoka nje, nasimama kwenye ukuta ambako mtandao unashika vizuri, natazama taa zikiwaka mlimani nyumba moja baada ya nyingine, na simu naiweka sikioni, siyo mkekani. Mama anasema huku kwema, ila. Mimi nasema, "Ila nini?" Wakati mwingine ni vifaranga tu. Nawasikiliza vifaranga. Kazini nako nimekuwa mzito: wenzangu wanamaliza kaya kumi kwa siku, mimi nane, na msimamizi ameshanionya. Nimemwambia mbili zilizobaki ziko ndani ya hizo nane. Hakuelewa, na sikumlaumu.

Fundi naye aliacha koti la suti na akarudiwa na mdomo wake. Nikienda Magu anakaa na baiskeli yangu ya zamani kibarazani, anaigeuza magurudumu juu, anaongea. Siku moja, zaidi ya mwaka baada ya ile Jumamosi, alikuwa ananyoosha rimu, amezama katika habari za bei ya matairi na habari za mchungaji, akasema katikati ya sentensi, bila kuinua macho, "basi ulivyonichelewesha wewe."

"Mimi?"

Akashtuka, akaangalia jikoni aliko mama, akashusha sauti. Nikamng'ang'ania kwa maswali mpaka akasema.

Mara ya kwanza alimwomba mama nikiwa kidato cha pili. Mama alimwambia hawezi kuingiza mwanaume nyumbani wakati mtoto wa mwisho yuko masomoni, angoje nimalize chuo. Akangoja. Kisha mimi, mwaka wa pili chuoni, nikaamua uhasibu unanichosha, nikauacha, nikaanza elimu jamii upya kutoka mwaka wa kwanza. Mama alikwenda kwa miguu mpaka kwenye kibanda chake pale senta, akamwambia aongeze miaka miwili ya kungoja.